Kalenda ya Makaa

Nilichagua majina: warefu, wenye sifa,
wanaoruka hadi ubao unatetemeka.
Asifiwe akacheka. "Nyota wako huyu
wiki hii anacheza mara mbili.
Wangu, asiyejulikana hata kwao, mara nne."

Kwenye ukuta wao wa mbao, kule Ndosho,
ameichora wiki kwa kaa la jikoni:
msalaba ni mechi,
duara ni siku ya kukatika umeme.
Alhamisi ina vyote viwili.

"Alhamisi tutafanyaje?"
"Jumatano tuchaji simu kwa Byamungu,
faranga mia tano,
kisha tulale.
Pointi haziogopi giza."

Jumatatu nikaamka nimeshindwa
kwa pointi thelathini na moja.
Nikaomba kaa.
Akanivunjia kipande, kidogo kama jino.
"Andika," akasema, "ila usinichafulie Ijumaa."