Dhiraa Tatu za Kivuli

Tangazo lilibandikwa mlangoni pangu siku kumi na nne,
karatasi ya manjano, muhuri wa kaunti,
na kila aliyepita uchochoro wetu wa Mkomani
aligeuza shingo akasoma jina langu
kama asomaye tanzia.

Nilidhani kikao ni mahakama.
Nikaikariri haja yangu njia nzima:
Tima anaolewa mfungo tatu,
na kwetu binti hahamii kwa mume,
mume ndiye ahamiaye kwa binti.
Basi apate chumba juu ya dari, na choo chake.
Kanuni za mji mkongwe zasema orofa mbili.
Mimi naomba ya tatu.
Kurasa sita, mchoro wa fundi Lali,
na risiti ya ada iliyonigharimu kikuku.

Afisa wa mipango, kijana mwenye kalamu sikioni,
hakuniuliza nina shida gani.
Aliuliza: “Mvua ya paa lako itamwagikia wapi?”
Aliuliza: “Dirisha hili, jicho lake liko kwa nani?”
Nikautazama mchoro.
Kumbe nao una adabu na utovu wake.

Kisha akasimama Bi Amria,
jirani wa ukuta mmoja, miaka thelathini ya kuombana chumvi.
Nikasema moyoni: leo amenigeuka.
“Kiwandani mwangu,” akasema, “jua huingia baada ya adhuhuri,
likakaa kiasi cha kuanika sinia moja ya maembe ya achari.
Hapo ndipo napasha magoti.
Tima ni mwanangu pia.
Lakini jua la kumpa, sina jingine.”

Wajumbe wakakohoa.
Mmoja aliandika *magoti*, nilimwona,
akakata, akaandika *mwanga*.

Alhamisi wakaja kutazama kwa macho yao,
wakavua viatu, wakapanda ngazi wakihema.
Lali alisimamisha boriti mbili
akatandaza baina yake shuka langu la kitanda,
ukuta wa uongo.
Tukachungulia chini.
Kivuli cha shuka kilishuka kwa jirani,
kikameza sinia,
kikapanda mguu wa Bi Amria
kikasimama gotini.
Akainua uso. Tukatazamana.
Sikuwahi kuuona ukuta wangu kutoka upande wa pili.

“Lali,” nikasema, kabla mjumbe hajafungua kinywa,
“rudisha nyuma.”
Akarudisha.
“Tena.”

Ruhusa imetoka na masharti yake:
ukuta urudi dhiraa moja na nusu,
dirisha lielekee kaskazini,
mlizamu umwage kwangu mwenyewe.
Chumba sasa kinaingia kitanda
na mtu mmoja wa kukizunguka, awe mwembamba.
Tima kacheka: “Basi bwana harusi apunguze wali.”

Jana Bi Amria kanipitishia kibakuli juu ya ukuta.
Achari ya mwaka huu ni kali, hainenwi.
Nimeila yote,
machozi yakinitoka.