Stesheni Yangu

Gari kaniuzia Rogelio kwa dola mia tisa.
Redio yake imezeeka, haijui simu ni kitu gani;
ina mdomo wa kanda tu, na kanda imekwama humo
tangu enzi za mwenye gari wa kwanza.

Nikanunua kidude, ukubwa wa kidole gumba,
nakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara.
Simu inakinong'oneza, nacho kinaidanganya redio
kuwa ni stesheni. Themanini na nane nukta moja.
Mtangazaji mimi, msikilizaji mimi.

Barabara ya Portage, Winnipeg, Januari,
baridi ya kukata masikio. Gita linalia vizuri
mpaka darajani; hapo mhubiri wa watu
anaingia bila hodi, anakemea, anatoka.

Taa nyekundu. Gita likanyamaza lenyewe,
ikaja sauti ya mama, ujumbe wa asubuhi:
"Mwanakombo, umekula? Usiniambie chai.
Na lile koti la mtumba, lina vifungo?"

Pembeni, ndani ya pikapu iliyoganda chumvi,
mzee wa kofia ya manyoya akashtuka,
akaitazama redio yake, akaigonga,
kisha akageuka, akaniona
nimeshika vifungo vya koti, nahesabu.
Akainua glovu.

Kiswahili hakijui hata chembe.
Lakini taa ilipowaka kijani hakuondoka mbio.
Tulikwenda sambamba, polepole,
wa nyuma wakitupigia honi,
mpaka mama alipomaliza salamu
za majirani wote.