Barua kwa Mwalimu Mkuu, kutoka Kando ya Ziwa Ohrid

Bwana Prosser, barua yako imetufikia
baada ya kupitia kwa dada yangu kule Machynlleth,
ina mhuri wa halmashauri, ina faini:
siku arobaini na moja, watoto wawili.
Hesabu yako ni sahihi. Nimeihakiki na Osian
ndani ya gari letu lililokuwa la kubebea mikate,
ambalo mpaka leo jua likiwaka hunuka hamira.

Huku ni Oktoba, na mji mzima unachoma pilipili hoho.
Kila ua una jiko, kila jiko lina mama mwenye mikono myeusi.
Osian amepewa kisu na Bibi Stojanka, mwenye kiwanja;
anaambua ngozi, anahesabu chupa kwa Kimasedonia hadi thelathini,
kisha anadandia Kiwelisi na kuendelea.
Hayo ndiyo niliyotaka kukujibu, na zaidi:
kwamba kwa miaka sita baba yao aliwajua wakiwa wamelala,
akitoka zamu usiku, akirudi usiku;
sasa anawatambua hata kwa kikohozi.

Nilikuwa na hoja nyingine tatu. Kalamu ilikuwa moto.

Lakini asubuhi hii nilimkuta Beca ufukoni
amepanga kokoto ishirini na mbili, safu nne,
yeye kasimama mbele, mikono nyuma,
kidevu juu, vilevile asimamavyo Bi Haf.
Anaita majina. Kila kokoto inajibu kwa sauti yake,
Gwenno kwa kithembe, Tomos kwa usingizi.
Nipo. Nipo. Nipo, Mwalimu.
Akafika kwenye jina lake mwenyewe.
Akasubiri. Maji yakapiga mara mbili, mara tatu.
"Hayupo," akasema,
akachora alama mchangani, akaita lililofuata.

Sikulia. Nilirudi nikabandika chai,
nikaichana barua ya kwanza.

Faini tutalipa; Emrys atauza pikipiki aliyoiacha kwa kaka yake.
Wala nisikudanganye, hatugeuzi kabla ya masika;
theluji ikituruhusu, tunakwenda mbele.
Ila nina ombi, na sina haki nalo:
kile kitundikio cha koti karibu na mlango,
chenye bundi aliyempaka rangi mwenyewe akavuka mistari,
usimpe mtoto mwingine.
Na Bi Haf aitapo majina,
la Beca asiliruke.