Moja ya Kukosa

Tusajigwe alirudi na mpira uliokosewa.
Ndivyo tulivyodhani pale Isongole
alipoufungua kutoka kwenye taulo:
mwekundu, umechongoka huku na huku,
parachichi lisilo na kokwa.
Miaka miwili alisomea udongo huko Australia.
Udongo hakuleta. Alileta hicho.

Kwanza, akasema, uwanja usiwe na pembe.
Tukakuna vichwa.
Gwamaka akaleta mbuzi wawili,
kila mmoja na kigingi chake, kamba sawasawa,
wakala siku tatu mchana na usiku,
na asubuhi ya nne ukungu ulipouachia mlima
yai lilikuwa pale, limenyolewa.

Nguzo nne huku, nne kule,
mikaratusi ya kanisa, tumeazima.
Mbili ndefu katikati, fupi pembeni.
Ukipitisha katikati, sita.
Ukipitisha pembeni umekosa,
unapewa moja.

"Moja ya nini?" akauliza mama Subilaga.
"Ya kukosa."
"Mwe! Na nani analipa?"

Mimi ni karani wa mizani, chama cha parachichi.
Kukosa nakujua.
Mtu kashuka mlima na tenga tangu saa kumi na moja alfajiri,
tunda limepungua gramu tano,
nalirusha kulia, kwenye rundo la rejekti,
la nguruwe na la mafuta ya nywele.
Hanitazami usoni. Nami simtazami.
Na nyumbani ninaye Ambakisye, mdogo wangu,
aliyeikosa shule kwa alama mbili,
mbili tu, wala hakuna aliyempa hata robo yake.
Tangu hapo huongea na ng'ombe.

Basi Jumamosi zikageuka.
Mpira ule haurushwi, unapigwa ngumi,
ukidunda hausemi unakwenda wapi,
unaweza kukurudia kama mkwe aliyesahau mwavuli.
Wachuma chai wanakuja na vikapu mgongoni,
mchungaji amesogeza kwaya hadi saa kumi na moja,
na mapumziko ya tatu ndiyo ya matangazo:
nani kafiwa, nani kajifungua, daraja la nani limebebwa na maji.
Rambirambi huzunguka ndani ya kofia ya Tusajigwe.
Mama Subilaga, mwenye koti jeupe la buchani,
damu ya asubuhi bado mfukoni,
husimama katikati ya nguzo na vipande viwili vya kitenge:
akipepea viwili, sita; kimoja, moja.
Hahongeki. Wamejaribu kwa maini.

Siku ya Kiwira mvua haikuomba ruhusa.
Mimi nilikuwa na chaki na ubao wa mizani,
upande wetu thelathini na mbili,
upande wao thelathini na mbili,
na maji yanateremka juu ya tarakimu.
Ambakisye akaruka.
Sijui alipanda mgongo wa nani,
nilimwona juu, magoti kwenye mabega ya mtu,
mikono imefungua kama anayepokea mtoto,
akaudaka.

Kimya. Ng'ombe wa Gwamaka tu walikuwa wanatafuna.

Akarudi nyuma hatua saba, akapiga.
Mpira ukaenda ukijipindua,
ukagonga nguzo ndefu, to!
ukaangukia matopeni.

Nilifumba macho. Niliijua ile sauti.
Ni ya tunda likianguka upande wa kulia.

Nilipofumbua, mama Subilaga alikuwa amenyoosha mkono,
kitenge kimoja, kimelowa, kizito,
anakipepea kama anayefukuza nyuki.

Moja.

Vijana wakambeba. Yeye akawa anapinga,
"Nimekosa, jamani, nimekosa, nishusheni,"
na wao, "Ndaga fijo! Ndaga fijo!"
wakizidi kumpandisha.

Chaki ilikuwa imelowana, haikuandika.
Nikaiandika ile tatu kwa kidole, kwa tope.

Jumanne mizani iliniletea tunda pungufu ya gramu tano.
Nililishika muda mrefu.
Mwenye tenga akakohoa.