Ya Thelathini na Tisa

Usiku ule, Mtemani, Wete, kwa Bi Mize,
tulikuwa kumi na mmoja, na watoto wasohesabiwa,
viatu vyetu vimepandana mlangoni kama madeni.

Waziri alikwishakufa mara mbili.
Mara ya kwanza tulimlilia.
Mara ya pili Bi Riziki alisema, "Huyu mngojeni,"
akaendelea kuchambua mchele.

Mchezo wenyewe umetoka nchi ya theluji,
ukatiwa Kiswahili na mwanamme mmoja tu:
yeye waziri, yeye mpelelezi, yeye mjane,
yeye mtoto anayemuulizia baba.
Hapo Sabahi aliposhika hakubanduka:
"Waziri na muuaji ni mtu mmoja. Sikilizeni sauti!"
Tukamcheka.
Ilipofika ya ishirini na mbili
tukaanza kusikiliza.

Shaame, aliyepekua mizigo forodhani miaka thelathini,
alikuwa na daftari la skuli.
Humo benki ina mshale kwenda kwa daktari,
daktari kwa shangazi, shangazi kwa meli ya ngano,
na meli, kwa wino mwekundu, inarudi benki.
"Hakuna mzigo usio na mwenyewe," husema,
na kalamu akaifutia kikoini.

Faki hulala tangu muziki wa mwanzo.
Huamka mara moja tu, akauliza,
"Basi ile saa sasa kaivaa nani?"
kisha analala tena, katuachia moto.

Bi Riziki hana habari na saa.
Linalomkera ni kuwa watu wale hawali.
"Njama miezi mitatu, hata chai?
Mtu haangushi serikali kwa tumbo tupu."

"Siku za mwizi arubaini," Shaame akatukumbusha,
"na leo ya thelathini na tisa. Kesho anaumbuka."
Bi Mize hakusema kitu. Alipitisha sahani.

Mjane akapanda ngazi. Akafungua mlango.
Akakitazama kitu ambacho sisi hatukukiona,
akasema, kwa sauti ya yule bwana,
"Kumbe ni wewe."

Giza.

"Umeme!" kila mtu.
Mtoto akatumwa kutazama mita.
Shaame akalilaani shirika, na nguzo,
na waya uliopita chini ya bahari,
mpaka Faki, macho bado kayafumba:
"Mbona feni inazunguka?"

Feni ilikuwa inazunguka.
Na kiooni majina yakaanza kupanda, madogo, meupe,
ya watu wa theluji walioshona makoti na kubeba taa.

"Wewe nani?" Sabahi kasimama. "Wewe ndo nani?"
Shaame akafungua daftari, akafunga.
"Kurasa sitini na nne," akasema, basi.
"Nilisema mie," Bi Riziki. "Asiyekula hamalizi kitu."

Mimi nilikuwa nalamba vidole.
Halua. Ya moto bado, hiliki na lozi,
kwenye sahani ya maua
isiyotoka kabatini ila kwa harusi na hitima.
Usiku thelathini na nane tulikunywa kahawa na kashata.

Mwanawe yuko Maskati, na huko mchezo ulitangulia.
Kila Ijumaa humpigia simu.
Nikakumbuka ya nane, risasi zinalia,
alivyouliza ghafla, bila kumtazama mtu,
"Na kesho mtakuja nyote?"

Alijua. Alikaa nayo usiku thelathini na moja,
akitusikiliza tukikosea.

Shaame, bingwa wa mishale, alikula vipande vitatu.

Wakatoka, wanagombana, wanatafuta viatu gizani.
Bi Mize akainama kukunja mkeka
nami niko juu yake bado,
na daftari la Shaame nimelikalia.

Nikanyanyuka. Nikalisukuma nyuma ya mto, ndani kabisa.
Nikamtakia usiku mwema.
Kesho atalifuata.