Mguu Mmoja Ndani

Tiketi ilikaa wiki tatu ndani ya Biblia,
kwenye Mambo ya Walawi, ambako hafungui mtu.
Nilimwambia Kunda nimeipoteza.
Akacheka: "Dada, wewe hujawahi kupoteza hata kibiriti."

Mimi ni mchaguaji wa buni pale kiwandani.
Punje elfu mbele yangu hazinitishi,
zinakaa kimya, zinasubiri kidole:
hii nzima, hii imetobolewa, hii nyeusi, itoke.
Ila watu kumi wakinisimamia karibu
pumzi yangu hutangulia mlangoni, yaniacha.
Kanisani nakaa benchi la mwisho.
Misibani naosha vyombo. Wanasema nina moyo wa kujitolea,
kumbe ni vile sufuria hazina viwiko.

Na Sihaba nimemsikiliza miaka kumi na tisa
kwa sikio moja, waya umepita chini ya kitenge,
lile jingine nikimwachia msimamizi.
Sauti yenye kokwa katikati,
ya mtu aliyelia jana na leo ameoga.

Basi Jumamosi nikaenda.
Mlima ulikuwa umejifunika wingu tangu asubuhi,
nikauelewa: nao hutazamwa mno.
Kiwanja cha Pasua, mabati yamezungushwa,
jenereta inakohoa, moshi wa mishikaki,
marashi, jasho, bia iliyomwagika,
na Kunda ananivuta: "Mbele, Dada, mbele!"
Bega. Bega. Shati la jirani lililolowa likanigusa shavu.
Spika ikaingia kifuani mwangu bila hodi,
ikahamisha viti.

Nikajaribu kazi yangu: kuchagua.
Huyu, kijana mwenye kofia ya sufi.
Huyu, mama na mtoto mgongoni, mtoto kalala fofofo, ajabu.
Huyu, jino la dhahabu. Huyu –
meza ikamwagika. Wote wakawa kitu kimoja kinachopumua.

Sikumbuki nilivyofika getini.
Baunsa, kifua kama kabati, akasema, "Ukitoka, hurudi."
Sikujibu. Nikaweka mguu mmoja nje,
kwenye vumbi la barabara, palipo na hewa;
mwingine nikauacha ndani.
Akaitazama miguu yangu, mmoja mmoja, kama anayesoma sheria,
hakuona kosa.

Hapo ndipo alipopanda jukwaani.
Mfupi! Redioni alikuwa mrefu kama mgrivea.
Ameshika chuma cha maikrofoni kwa mikono miwili
kama nilivyoshika bati, na bati lilikuwa linatetemeka,
au ni mimi.

"Anaimba nini?" baunsa akauliza, kwa sauti kubwa mno.
Nikaona: pamba masikioni, kote kuwili.
Kila wiki wanamuziki, kila wiki hasikii kitu.
"Daktari," akasema, akagusa sikio, akacheka kwa aibu.
Nikamsogelea. Mimi, kwa hiari yangu, mtu nisiyemjua,
hadi nikaona mvi tatu ndevuni,
nikampa mstari kwa mstari, midomo wazi, taratibu:

*Ufunguo ulichukua,
mlango ukaniachia.*

Akayatafuna. "Mlango bila ufunguo," akasema,
"si ni ukuta huo?"
"Ngoja," nikamwambia, "kuna ubeti wa pili."

Tukausubiri. Watu waliruka, vumbi likapanda,
mguu wangu wa ndani ukaanza kupiga chini, kidogo kidogo,
bila kuniuliza.
Wa nje ulikuwa umeganda kwa baridi.

Kunda alinikuta hapo saa saba usiku, sauti imemkauka.
"Sasa huku umeona nini?"
"Kidogo," nikasema, "lakini si haba,"
naye, kwa uchovu, hata hakunicheka.
Nyuma yetu baunsa alikuwa anachomoa pamba
akiuimba ule mlango, kimakosa,
kwa nguvu zake zote.