Uniti Moja

Mtaa huu wa Iyunga siwajui watu kwa majina.
Najua namba za mita zao, na najua mbwa wao.
Kwa mwalimu Tumpe yuko Pilato, anabweka huku akirudi nyuma.
Kwa fundi Mwaisumo wako watatu, hawajapewa majina,
wanakuja kimya kimya, na hao ndio wa kuogopwa.
Paja langu la kushoto linamkumbuka mmoja wao:
sindano nne, na suruali ya ofisi
niliyokatwa kwenye mshahara.

Dawa ni kuinama.
Hata pasipo na jiwe, hata kwenye lami tupu,
inama uguse chini kama mtu aliyedondosha shilingi.
Mbwa wa Mbeya wameisoma sarufi hiyo
tangu tumboni mwa mama zao.

Kwa mzee Asajile sikuwahi hata kujaribu.
Lango la bati, maandishi ya rangi iliyobaki kwenye mabehewa:
MBWA MKALI. HATUHUSIKI.
Chini ya bati, pua.
Mita iko ndani, chini ya mparachichi.
Miezi saba nilisimama barabarani nikaandika kwa kukisia:
kumi na mbili, kumi na mbili,
Desemba kumi na tano, maana watoto huja likizo.

Wahenga walisema mbwa ni mkali kwao.
Hawakusema huko kwao ni kwa nani.

Juni ikaja barua ofisini,
herufi zimefuatana kama mabehewa:
*Nadaiwa maji nisiyoyanywa. Mje msome.*

Nikaenda na buti za mvua, ukungu bado umelala juu ya Loleza.
Nikagonga bati kwa jiwe.
Mbwa akalirukia, lango zima likapiga kelele.
Dirishani, kati ya nondo, ukatoka mkono,
ukarusha ufunguo juu ya lango
kwa shabaha ya mtu aliyezoea.
"Ingia wewe," sauti ikasema. "Mimi siwezi."

Nikafungua. Nikainama.
Mbwa akanywea, akajibana kwenye banda la kuku
lisilo na kuku.

Nikafuta kioo cha mita kwa kidole gumba.
Mia nne na sita.
Novemba, mara ya mwisho kusoma kwa macho, mia nne na tano.
Nikafuta tena, nikidhani ni uchafu.

Mzee hakungoja niulize.
Lusajo, mwanawe, alimleta mbwa kutoka Tunduma
baada ya wezi kubeba redio na godoro.
Alikaa siku mbili, akarudi zake.
"Anamjua Lusajo. Mimi ananijua kama sauti tu."
Ugali wa mbwa anautupia dirishani.
Maji ananunua kwa mtoto wa jirani,
dumu moja moja, dirisha la kichochoroni,
na ni mtoto huyohuyo aliyeileta barua.

"Hivyo ulivyofanya," akauliza, "ukiinama, anakwenda?"
"Anakwenda, mzee."
Akacheka kicheko kisichofika kwenye meno.
"Miaka thelathini na moja nilipakia magunia pale stesheni.
Mgongo huu ulishastaafu. Viatu navaa kwa mwiko."

Nilikuwa na nyumba kumi na tisa mbele yangu.
Nikabaki nimeinama, kiganja kwenye udongo wa baridi,
nikimtazama mbwa naye akiutazama mkono wangu,
na kwa mara ya kwanza nikaziona mbavu zake,
na shingo iliyochubuliwa na mnyororo wa zamani.
Alikuwa akitetemeka. Hata mimi.

Mlango ukafunguka.
Mzee akatoka na ndoo mbili, akiburuta kandambili,
kila hatua akisimama kumsikiliza mbwa.
Bomba likakohoa, likatema kutu,
likakohoa tena.

Kwenye mita, kile kinyota chekundu kikashtuka,
kikaanza kuzunguka.